Ukuta wa Watu Kumi na Wanane

Wazo la kuchora ukuta wa posta ya zamani lilikuwa la fundi cherehani mwenyewe, asije mtu akamsingizia mwingine. Ndiye aliyeunda kamati, ndiye aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba picha za waliochukuliwa na mafuriko miaka kumi na moja iliyopita, na ndiye aliyemtafuta mchoraji akamkabidhi bahasha.

"Wako kumi na wanane," alimwambia. "Wachore wameshikana mikono."

Picha ya binti yake haikuwamo. Wengine wote walipatikana wakazikwa. Yule mtoto hakuonekana, na mama mtu alishikilia kwamba aliokotwa na watu wema mahali fulani, yuko hai, anakua. Kila mwaka alimshonea gauni jipya, akiongeza urefu kwa kukisia. Yalishafika kumi na moja kabatini, na la mwisho lilikuwa la msichana wa miaka ishirini, limebanwa kiunoni. Hata wambea wa mji ule, ambao kwao hakuna dogo, jambo hilo walilipitia mbali.

Sasa mchoraji alikuwa mgeni, na alishapiga mistari yake ya penseli kabla bahasha haijafika. Mji mzima ulimwambia kumi na tisa. Basi kati ya mtoto wa muuza mikate na mwalimu mkuu pakabaki pengo, na mikono miwili isiyo na wa kuishika. Akapaka buluu. Asubuhi yake unyevu ukawa umejitokeza juu ya ile buluu: kichwa, mabega, kimo cha mtoto. Akaparua, akapaka tena. Ukarudi. Fundi bomba akasema kuna bomba limepasuka, akachimba mpaka jasho likamtoka, bomba lenyewe hakulikuta. Watu wakaanza kuzungukia nyuma ya soko ili wasipite pale.

Fundi cherehani akaja na ndoo ya chokaa, kafura kwa hasira.

"Ziba hapo. Nilikwambia kumi na wanane."

"Nimeziba mara tatu, mama. Njoo uguse."

Hakugusa. Ubaridi ulimfuata pale pale aliposimama, una harufu ya tope la siku ile.

Muuza mikate alikuwa ameketi chini ya ukuta, kama alivyofanya kila siku tangu mwanawe achorwe.

"Mwenzangu," alisema taratibu, "walitoka shule pamoja wale. Wangu alipoopolewa, mkononi alikuwa ameshika kiatu cha wako. Nikakificha."

"Miaka yote hii?"

"Ulikuwa umeshaanza kushona. Ningekwambia, ningekuua."

Fundi cherehani akaketi kando yake, miguu kainyoosha vumbini. Aliumia, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakushangaa.

Mchoraji alikohoa. Hakujua pa kuiweka mikono yake.

"Samahani, mama. Wameniambia sasa angekuwa na miaka ishirini. Nimchore wa umri gani?"

Aliliangalia lile umbo la maji, mara hii bila kukwepesha macho.

"Tisa," alisema. "Hakuongeza hata mmoja."