Vioo vya Mwambani

Bi Shekha alipuliza makaa ya chetezo mpaka yakawiva, akatia kipande cha udi, akakizungusha chetezo chini ya kitanda cha Fatu. Moshi ulipanda, ukajaa chumbani, ukatokea dirishani. Harufu ya ugonjwa haikutoka. Ilikuwa imekwisha kuingia kwenye godoro, kwenye kamba za kitanda, kwenye leso zilizofuliwa na kuanikwa uani. Na majirani waliozoea kukatiza kichochoro kile sasa walizunguka kwa upande wa msikitini.

"Acha, somo," alisema Fatu. "Udi ghali, na mimi siolewi tena."

Bi Shekha alizidi kupuliza makaa. Ndiye aliyemfukiza udi siku ya harusi yake. Ndiye aliyemfunda, aliyemsinga, aliyemfundisha namna ya kujitwaharisha na namna ya kukaa na mume. Hapo Mwambani, kijiji kilichoko kaskazini ya Malindi, somo huujua mwili wa mwari wake kabla ya mume kuujua, na neno lake juu ya mwili huo halikataliwi. Mwari hata akizeeka, akawa na wajukuu, somo akisema kunywa atakunywa, na akisema vua atavua.

Ukumbini alikohoa Seif, mume wa Fatu. Alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Watamu. Zamani akija nyumbani alipitiliza chumbani na viatu vyake. Siku hizi aliuliza hali kutoka ukumbini, akaacha mfuko wa machungwa juu ya meza, akarudi zake. Mama yake alikuwa amekwisha kumposea mke mwingine. Fatu alijua, na Bi Shekha alijua kuwa Fatu anajua.

Juzi Seif alimpeleka mkewe kwa daktari mjini. Daktari alimtazama, akanawa mikono kwa muda mrefu, akasema ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba imekwisha kutambaa mahali ambapo kisu hakifiki. Kisha akauliza kwa nini hakuwahi kupimwa, maana ugonjwa huu ukionekana mapema huondolewa.

"Somo," alisema Fatu, macho yake darini, "mimi si nilipimwa?"

Alipimwa. Bi Shekha mwenyewe ndiye aliyempeleka.

Ilikuwa mwaka uliopita, mwaka ule wa mkutano mkubwa wa wanawake huko Nairobi, ambapo kila ofisi ilitaka ionekane inawafanyia wanawake jambo. Kituo cha afya cha Mwambani kililetewa muuguzi kutoka bara, jina lake Waruguru, na sanduku la vioo vyembamba. Waruguru alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaita wanawake waje wapimwe. Walimpa maji, wakamsikiliza, wakamshukuru, na hakuna aliyekwenda. Mwishowe aliambiwa aende kwa somo.

Alikaa juu ya mkeka wa Bi Shekha, akaeleza kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika. Ugonjwa huu huanza kimya, alisema. Mwanamke hana maumivu, hana homa, anapika na kucheka. Lakini kwenye mlango wa kizazi mna kitu kinaota, na kitu hicho kikikutwa kingali kidogo hutibiwa, kikaisha. Kupima ni kupanua kwa chuma maalumu, kukwangua kidogo tu na kupaka juu ya kioo. Kioo kinapelekwa Mombasa, kinatazamwa kwa darubini.

"Kinauma?" aliuliza Bi Shekha.

"Hakiumi sana. Kinasumbua. Na kinatia haya."

Jibu hilo lilimridhisha. Mtu angemwambia hakisumbui hata kidogo, asingemwamini.

Aliwakusanya wari wake wote uani kwake, wazee kwa vijana. Bi Nana, jirani yake wa ubavuni, alikuwa wa kwanza kupinga.

"Mimi, mume wangu mwenyewe hajapata kunitazama kwa taa," alisema, "leo nikamlalie binti wa bara anitazame kwa kurunzi?"

"Mumeo hakutazama kwa sababu hajui anachotafuta," alisema Bi Shekha. "Huyu anajua."

Wanawake waliangua kicheko, na kicheko kilifanya kazi ambayo maelezo ya muuguzi hayakuiweza. Lakini Fatu hakucheka. Alikuwa mwoga tangu utotoni, mwoga wa sindano na wa mbu. Alimshika Bi Shekha mkono.

"Naogopa, somo. Kile chuma."

"Nami naogopa. Nitalala mimi kwanza, nawe uniangalie uso."

Akalala. Ndani ya chumba kile kidogo, wari wake wakiwa wamejipanga nyuma ya pazia, alipanda kitandani mwanamke aliyekuwa amewafunda wote, akapandisha leso yake, akaachanisha magoti. Chuma kilikuwa baridi. Alikaza meno na kuutuliza uso, kwa sababu Fatu alikuwa akiutazama. Kisha akalala Fatu, akimng'ang'ania mkono somo wake mpaka pete ikaacha alama. Akafuata Bi Nana, akisoma istighfari kwa sauti, na wengine wakafuata mpaka Waruguru akaishiwa na vioo.

"Atakayeonekana na dalili tutamwita," alisema Waruguru siku ile akiagana nao. "Akiitwa, asichelewe."

Neno hilo walilishika. Hapo Mwambani mjumbe hafiki mlangoni ila kwa msiba au kwa taabu. Nyumba isiyotumiwa mjumbe hulala ikimshukuru Mungu. Walingoja. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Waruguru alihamishwa. Hakuna mlango uliobishwa, na kila wiki iliyopita wanawake walitembea vifua mbele zaidi. Bi Shekha alipoona hakuna hata mmoja aliyeitwa, alisomesha maulidi ya shukrani nyumbani kwake. Walitiana marashi, wakala pilau, na Bi Nana akamwombea dua binti wa bara na kurunzi yake.

Baada ya hapo ndipo Fatu alipoanza kuona damu siku zisizo zake. Alikwenda kwa somo wake, kama desturi.

"Nirudi kituoni?" aliuliza.

"Ukafanye nini? Wewe umepimwa, mwanangu. Ungekuwa na jambo ungeitwa." Akamchemshia mdalasini na habasoda, akamwambia apunguze kubeba maji.

Fatu alikunywa. Aliendelea kunywa mpaka harufu ilipoanza.

Bi Shekha aliweka chetezo chini, akavaa buibui lake, akaenda kituoni.

Msimamizi wa kituo, Bwana Kalama, alimwacha kwenye benchi mpaka jua likafika katikati ya paa. Alipomruhusu kuingia alikuwa akila embe kwa kijembe cha upasuaji.

"Shikamoo, mama. Haya, unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Sisumbuliwi. Nimekuja kuuliza majibu ya Fatu, mke wa Seif. Tulipimwa mwaka jana na binti Waruguru."

"Waruguru alihamishwa."

"Najua. Sikumuuliza yeye. Nauliza majibu."

Bwana Kalama alifuta vidole, akamwita Mbeyu, mfagiaji, afungue stoo. Bi Shekha hakungoja kuambiwa, alifuata nyuma. Chini ya magunia ya unga wa msaada, nyuma ya viti vibovu, palikuwa na sanduku la mbao. Mbeyu aliliburuta, akalifunua. Vioo vilikuwamo vyote. Vilikuwa vimeshikana kwa ukungu, na siafu walikuwa wamepita juu yake.

Bi Shekha alijua kusoma Kurani na barua za hati ya Kiarabu. Hati hii iliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa kila kioo hakuijua. "Nisomee," alisema.

Mbeyu alisoma kwa sauti ndogo. "Nana. Zipporah. Shekha." Akakipangusa kingine kwa leso yake. "Fatu."

"Havikwenda Mombasa," alisema Bi Shekha.

"Gari halikupatikana," alijibu Bwana Kalama mlangoni.

"Gari nililiona. Mwaka mzima nililiona. Lilikuwa likibeba boriti na makuti, likipeleka pale anapojenga mwenyekiti wa chama nyumba ya wageni."

"Mama, hizo ni kazi za serikali. Wewe huzijui."

"Ungeniambia. Ningevipeleka mwenyewe kwa basi."

Bwana Kalama alitabasamu kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Maabara haipokei kioo kutoka mkononi mwa mtu wa barabarani. Ni lazima kiende kwa gari letu, na karatasi yenye muhuri wangu. Huo ndio utaratibu. Na hivi sasa vimeharibika, hakuna atakayevisoma. Tena usiende ukatangaza, utawatia watu hofu, na kuwatia watu hofu ni kosa." Akashusha sauti, ikawa laini. "Lakini umekuja kwa wakati mzuri. Jumamosi tuna wageni. Mheshimiwa anakuja kuzindua upimaji mpya, na vifaa vipya vimekwisha kufika. Tunataka wanawake wajae. Nao wanakusikiliza wewe."

Bi Shekha alimtazama Mbeyu akilirudisha sanduku chini ya magunia.

Hakumficha Fatu. Somo hamdanganyi mwari wake juu ya mwili wake; alikwisha kumdanganya mara moja bila kujua. Fatu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu kilichomtia kikohozi.

"Kwa hivyo hakuna aliyenitazama."

"Hakuna."

"Na ile pilau yote tuliyokula." Akajifuta midomo. "Utawakataza wasiende Jumamosi?"

"Ndilo ninalojiuliza."

"Ukiwakataza, litamkuta mwingine hili. Yule daktari amesema linaondoka likionekana mapema. Amesema hivyo mbele yangu, somo, kana kwamba mimi ni ukuta." Akageukia ukutani. "Ukiwapeleka, watatiwa chini ya magunia. Mimi sijui. Wewe ndiwe somo."

Jumamosi turubai lilifungwa mbele ya kituo, viti vya kukodi vikapangwa, na wanafunzi wakaimba. Mheshimiwa alisema kwamba adui mkubwa wa mwanamke wa pwani ni haya na ujinga wake mwenyewe. Alipigiwa makofi. Wari wa Bi Shekha walikuwa wameketi nyuma, weusi kwa mabuibui, na kila mmoja alikwisha kuelezwa habari ya sanduku. Bi Nana alimwinamia sikioni.

"Ati haya yetu," alisema. "Mimi nilivua chupi yangu, yeye avue gari lake."

Wakati wa kupimwa, Bi Shekha alipanda kitandani wa kwanza, kama mwaka uliopita. Chuma kilikuwa na baridi ile ile. Muuguzi mpya, msichana mwenye haraka, alikwangua, akapaka kioo, akakinyunyizia dawa. Bi Shekha alishuka, akajifunga leso, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Haviguswi, bibi."

"Kimetoka kwangu. Nipe."

Msichana alitazama kando akitafuta wa kumsaidia. Nje ya pazia palikuwa na wanawake tu, wote wakimwangalia. Alimpa. Akampa na Bi Nana, na Zipporah, na waliofuata, kwa sababu kila aliyeshuka alinyoosha mkono vile vile na hakuondoka mpaka kikatiwa ndani yake.

Walitoka wakajipanga kando ya barabara, mahali gari la kituo lilipokuwa limeegeshwa. Kila mmoja alikishika kioo chake kwa ncha za vidole, mkono mbele, kama mtu aliyebeba maji kiganjani. Wageni walikwisha kuondoka. Dereva alikuwa akimalizia kupakia.

"Twataka kwenda Mombasa," alisema Bi Shekha. "Na karatasi yenye muhuri."

Bwana Kalama alipita bila kuwatazama, akaingia kiti cha mbele. "Waambie gari limejaa," alimwambia dereva.

Lilikuwa limejaa kweli. Nyuma yake mlikuwa na viti vya kukodi mpaka juu, turubai lililokunjwa, sufuria za karamu, na mbuzi aliyezawadiwa mheshimiwa, amefungwa miguu. Injini iliwaka. Wanawake hawakusogea, gari ndilo lililowazunguka, likapita majanini, likashika njia.

Vumbi jekundu likanyanyuka. Likaja polepole, likatua juu ya mabuibui, juu ya nyuso, juu ya vioo ambavyo dawa yake ilikuwa haijakauka. Bi Nana alikifunika chake kwa kiganja, akakumbuka kuwa hakiguswi, akaondoa.

"Sasa, somo?" aliuliza.

Bi Shekha alikiinua kioo chake kwenye jua, akafumba jicho moja, akatazama. Aliona doa jeupe, lililofifia, na chembe za vumbi zikilishika moja baada ya moja. Nyuma yake, kando ya barabara, wari wake wote nao wakainua vyao, wakatazama.