Kidonge ya Bariyeri

Kulipopambazuka, Rosine alikuwa amekwisha kumgusa binti yake paji la uso mara nne. Mara ya kwanza kwa kiganja, mara ya pili kwa mgongo wa mkono, mara ya tatu kwa shavu. Mara ya nne alijishika mwenyewe kwanza ili apate cha kulinganisha, akachanganyikiwa zaidi. Lakini tusizunguke. Mtoto alikuwa anawaka, na saa moja na nusu kengele ya shule ingelia.

Najua utasema: mtoto ana homa, si abaki nyumbani, anywe chai, alale, yaishe? Haya. Ungekuwa Goma mwaka ule wa 2019 usingesema hivyo kwa urahisi. Kumbakiza mtoto nyumbani kulikuwa na kesi yake, na kumpeleka kulikuwa na kesi yake.

Shule za msingi zilikuwa zimetangazwa bure mwezi wa tisa, na watoto wakamiminika. Darasa la tatu la Héritière, ambaye nyumbani walimwita Héri, lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili. Benchi la watatu lilikaliwa na sita, na nje wengine walikuwa wanangoja. Mwalimu wao, Metresi Fabiola, aliwaambia wazazi waziwazi: mtoto akikosa siku tatu kwa wiki, nafasi yake inaenda kwa mwingine. Héri alikuwa amekwisha kukosa mbili kwa kikohozi. Na huyu mtoto alishapoteza mwaka mzima, tangu usiku ule walipokimbia Beni, watu wa mapanga wakiwa mtaa wa pili, Rosine amemfunga mgongoni na miguu yake mirefu ya miaka saba ikimgonga mapajani. Baba yake alibaki Butembo na biashara yake ya maharagwe, na barabara ilikuwa ya kufa mtu.

Kisha kulikuwa na lango. Langoni pa shule alisimama Muzee Barthélemy na ndoo ya maji ya klori, na mkononi kile chombo cha kupima homa chenye umbo la bastola. Anakielekeza kwenye paji la uso, kinalia tii, anasoma. Ikivuka thelathini na nane, anapiga simu, na gari la riposte linakuja. Riposte, ndivyo tulivyowaita wote waliokuja kupambana na Ebola, daktari na dereva pamoja.

Rosine aliliogopa gari lile kuliko ugonjwa wenyewe. Kila mwanamke aliyechota naye maji pale Katindo alikuwa ameisikia habari ya Lucie, mdogo wake Rosine. "Kule Beni walimuchukua anatembea na miguu yake," Rosine alizoea kusema, "wakamurudisha mu mufuko." Wanawake wanashika midomo, wanasema mawe, mama wee, maskini, na kila mmoja anaondoka na bidoni lake la maji na hofu yake.

Basi alikuwa anazunguka chumbani, anafungua sanduku la nguo bila kujua anatafuta nini, jirani yake Nyirarukundo alipofunua pazia la mlango. Mwanamke wa Masisi huyo, naye mkimbizi, mwenye watoto watano na majibu ya kila kitu.

"Mama Héri, unatembea-tembea tangu saa kumi na moja. Kuna nini?"

"Mutoto iko na homa. Na leo ni siku ya tatu."

Nyirarukundo akacheka. "Njo hiyo tu? Weye haujue kidonge ya bariyeri?"

Rosine hakujua. Alijua bariyeri ya mpakani, alijua bariyeri za wanajeshi barabarani, lakini kidonge chake hakujua.

"Parasetamoli moja, unaiponda, unatia sukari. Unamupa nusu saa mbele ya kutoka. Akifika kwa lango iko baridi, muzee anapima, anasema pita. Ikifika saa ine homa inarudi, lakini saa ine iko ndani ya darasa. Nani atamupima kule?"

"Na kama si malaria?"

"Ayi! Sasa mbu ilihama Goma juu Ebola imefika? Ni malaria, mama. Magaribi utamupeleka kwa santé, kwa daktari, polepole, na nafasi yake iko."

Maneno matamu hayo, na Rosine aliyameza kabla mtoto hajameza kidonge. Alikiponda kwa mgongo wa kijiko. Héri akaketi kitandani, macho mekundu.

"Mama, leo nibaki."

"Ukibaki, kesho utakuta mutu amekalia benchi yako. Kunywa."

Akanywa. Wakatoka, wakapita kambi ya wanajeshi ambako wake za askari walikuwa wanakaanga mikate, wakakanyaga mawe yale meusi ya volkano hadi langoni. Rosine alihesabu dakika kichwani na kuzikosea. Muzee Barthélemy akanyoosha bastola yake. Tii.

"Trente-six deux! Muzima kabisa. Nawa mikono, mukubwa, pita."

Héri akapita bila kugeuka nyuma. Hapo Rosine alipaswa kufurahi. Badala yake aligeuka mara tatu kulitazama lango kabla hajafika sokoni.

Kazi yake ilikuwa sombe. Alinunua majani ya muhogo asubuhi, akayatwanga palepale mbele ya wateja, akawapimia. Siku hiyo alitwanga fungu la kwanza likawa maji. Fungu la pili akalisahau kinuni nusu, akasimama kuangalia barabara. Akaketi. Akasimama tena. Akamuuliza mwuza simu jirani yake saa ngapi, na kabla hajajibiwa vizuri akauliza tena.

"Saa tatu, mama, saa tatu kama vile nilikuambia," mwuza simu akasema. "Hata ukiisukuma haitakimbia."

Na mteja mmoja, mama mnene wa kanga ya kanisa, akamtania: "Leo unatwanga sombe, ao unatwanga mutu?"

Rosine akacheka kwa meno tu. Moyoni alikuwa kwenye benchi lile la watoto sita, paja kwa paja. Upande wa kulia wa Héri alikaa Nshobole, kasichana kapole kanakotafuna kalamu halafu kanamwazima mwenzake, naye mwenzake anaitafuna pia. Rosine alikuwa ameliona hilo kwa macho yake siku ya kuandikisha, akacheka. Leo halikumchekesha. Mama Nshobole aliuza ndizi hapohapo sokoni, meza ya nne kutoka kwake, na asubuhi ile alikuwa amempungia mkono.

"Si ni weye," yule mama wa kanga akaendelea, akingoja sombe yake, "ule mwenye ndugu yake riposte ilimuchukua anatembea? Uelezee huyu shoga yangu, hataki kuamini."

Rosine akafungua kinywa. Habari yenyewe alikuwa ameisimulia mara mia, inajitoka yenyewe. Siku hiyo haikutoka.

Kwa sababu Lucie hakutembea. Sasa tuseme ukweli, kwani Rosine mwenyewe alikuwa hajausema hata mbele ya padri. Lucie alibebwa. Siku nne Rosine alimficha chumba cha nyuma, akimpa vidonge vyeupe vilevile, na kila homa iliposhuka kidogo walishangilia nyumba nzima, wanasema si munaona, ni malaria. Siku ya tano, alipokubali gari liitwe, Lucie hakuweza tena kukaa wima. Siku ya mazishi mama yao aliuliza, "Mulichelewa?" Na Rosine, ambaye hakuweza kulibeba jibu la swali lile, akasema apana, mama, walimuchukua anatembea. Tangu siku hiyo hakuacha kulisema.

"Nichungie sombe yangu!" akamwambia mwuza simu, akatupa mchi chini.

"Mama! Na fungu yangu?" yule mteja akapiga kelele. Rosine alikuwa amekwisha kupita meza ya ndizi bila kumtazama mwenye meza. Alikwenda mbio, kandambili moja ikakatika, akaivua na ya pili, akaendelea miguu mitupu.

"Kuna nini, mama?" Muzee Barthélemy aliuliza langoni.

"Fungua, papa. Kuya na ile kipimo yako."

Darasani joto la watoto lilimpiga usoni. Walikuwa wanaimba jedwali la tatu kwa Kifaransa, wote isipokuwa mmoja aliyelaza kichwa juu ya daftari. Metresi Fabiola, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akageuka na chaki juu.

"Mama Héri, katikati ya somo?"

"Metresi, mutoto wangu iko na homa. Tangu jana usiku. Nilimupa kidonge asubuhi juu apite kwa lango." Rosine alisema yote kwa pumzi moja ili asipate nafasi ya kuyarudisha. "Nimekosa. Nimewakosea wote."

Kuimba kukakatika. Barthélemy akainama, chombo kikalia. "Trente-neuf cinq," akasema, thelathini na tisa na nusu, na safari hii hakumwita mtu mkubwa. Watoto wa benchi lile wakajisogeza hadi wa mwisho akaanguka chini.

Fabiola alikasirika na alikuwa na haki. "Mama! Watoto mia moja na kumi na mbili! Weye mutu wa Beni, weye unayejua ile kitu kuliko siye wote!"

Aibu ilimwunguza Rosine masikio.

Kisha Fabiola akashusha chaki. Akawatazama watoto wake, benchi kwa benchi, kama aliyesikia jambo fulani. Alipofungua kinywa tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Nani tena mama yake alimupa kidonge leo asubuhi? Sitapiga mutu. Munyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Halafu Nshobole, macho chini, akapandisha mkono hadi usawa wa sikio. Nyuma yake mwingine. Karibu na dirisha wawili, ndugu. Ikawa inatokea huku na kule, mikono midogo yenye wino, mingine inapanda na kushuka na kupanda tena. Fabiola alihesabu kwa chaki hewani, akafika kumi na tisa, akaacha kuhesabu, akaketi juu ya meza yake.

"Mungu wangu," akasema. "Yesu wangu."

Rosine aliitazama ile mikono. Kila mkono ulikuwa na mama yake mahali fulani mjini, anauza, anafua, anaulizia saa. Aliwaonea huruma hao wote, na kwa mara ya kwanza akajionea na yeye.

"Metresi," Barthélemy akasema mlangoni, simu mkononi. "Niite gari?"

Neno gari likawaliza. Mmoja alianza, darasa zima likafuata. Héri akainua kichwa, akamshika mama yake kitenge.

"Mama, apana. Watatuweka mu mufuko. Kama mama mudogo Lucie."

Rosine akapiga magoti pale chini, mbele ya watoto wote, mbele ya mwalimu na mlinzi.

"Sikiliza. Lucie hakuenda anatembea. Nilidanganya. Nilimuficha siku ine, nikamupa vidonge, na gari ilipokuya alikuwa amekwisha. Si gari iliyomuua, Héri. Ni mimi nilichelewa kuiita."

Akamfunga mtoto mgongoni. Mguu mmoja wa Héri ukamgonga pajani, wa moto. Rosine akasimama, akageukia mlango.

"Ita, papa," akasema. "Leo hatujachelewa."