Mashavu ya Shangazi

Wenzake kwenye kituo cha kupimia kifua kikuu, alikolisha wanyama, walimwita Mzee Lawama, naye hakulikataa jina. Mkewe alikufa kwa kifua kikuu akisubiri majibu ya makohozi wiki tano, na tangu siku hiyo hakuna mkubwa aliyenusurika na ulimi wake. Aliyempenda ni mmoja tu: panya buku jike, mzito kama paka, aliyempa jina Shangazi. Shangazi alinusa vikopo vya makohozi vilivyopangwa chini ya matundu ya sakafu ya kizimba. Penye ugonjwa husimama, akakwaruza, akapewa kipande cha ndizi.

Mwezi huo akaharibu. Akawa anayapita matundu kama hayamhusu. Mkuu wa kituo akakata shauri: amezeeka, Ijumaa aachiwe porini.

Mzee Lawama alinung'unika kutwa. Buku wa porini huchimba shimo lake, hujiwekea akiba ya mbegu, humjua bundi kwa kivuli tu. Huyu kazaliwa kizimbani, bundi atamjulia wapi? Ndio wakubwa hao, alimwambia mfagiaji, ukichoka wanakutupa.

Alhamisi asubuhi alimpakata amuage. Mashavu yalikuwa yametuna. Akayaminya taratibu, zikamwagika karanga kiganjani. Karanga zake mwenyewe. Kanuni inataka buku waingie kazini na njaa, naye kwa huruma alikuwa akimpa kwa siri kila alfajiri. Mtu akiba anayo shavuni, ndizi aihangaikie ya nini?

Akaketi juu ya ndoo. Alitafuta wa kumlaumu, akajikuta peke yake.

Akaenda ofisini, akaeleza yote bila kupunguza. Mkuu akamwambia kuanzia leo atafua matandiko ya vizimba, na mnyama wa kazi asimguse tena.

"Na Shangazi?"

"Kesho tutampima. Akishindwa, anaondoka, mzee wangu."

Ijumaa mzee alichungulia dirishani. Shangazi alimwona, akasimama kwa miguu ya nyuma, pua ikimchezacheza, akimdai. Mzee akaificha mikono kwapani.

"Leo sina kitu, Shangazi," alinong'ona. "Fanya kazi, mama."

Shangazi akangoja, akangoja, kisha akashuka. Tundu la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akaganda, akakwaruza kwa nguvu. Msichana wa zamu akampa ndizi.

Mzee Lawama alijifuta macho kwa shuka chafu, akaenda kufua, akilalamika kwamba kipande kile kilikatwa chembamba mno.