Kilomita Ambazo Sikumsindikiza Wakesho

Kabla ya alfajiri kifuniko cha sufuria kiligonga mara tatu jikoni. Niliota nimeamka kwenda kukitazama, nikamkuta Kilomita ameketi kwenye kigoda changu. Alikuwa mrefu, mwembamba, miguu imejaa vumbi.

"Hodi nimepiga, mama," alisema. "Wenzangu wako nje. Tuko elfu kumi na moja na mia nane, kutoka Nairobi mpaka New York."

Nikachungulia. Kweli, walipanga foleni mpaka bondeni, na hakuna aliyekanyaga maharagwe yangu. Watu wenye adabu.

"Mnataka nini?"

"Desturi tu. Mgeni akiondoka, mwenye nyumba humsindikiza, nasi tunapungua. Wakesho alisindikizwa na nani?"

Miaka sita iliyopita binti yangu alisimama mlangoni na sanduku lake, akasema, "Mama, nisindikize basi, hata mpaka barabarani." Nilikuwa nimekasirika kwamba anakwenda mbali. Nikamwambia nina mahindi ya kupukuchua. Mahindi yenyewe hayakujaza ungo.

"Basi bado tuko wote," alisema Kilomita. "Vaa kandambili."

Ninatembea. Kila ninayempita anajikunja kama mkeka na kuingia kikapuni mwangu. Nikigeuka, kilima kimekuwa bahari, maji yananifika vifundoni. Mmoja wao, mzee kidogo, ananishika mkono penye mawimbi. Sikumwuliza jina, na hilo nalo linaniuma.

Katikati ya maji, saa ya ukutani inakaa nyuma ya meza kama karani.

"Safari ni saa kumi na tano," inasema. "Ukifika utarudishiwa nane, maana kule jua huchelewa."

"Naweza kuzitumia siku ile aliyoondoka?"

"Hapana, mama. Ni za leo tu. Pole."

Iliisema pole hiyo kwa moyo.

Bahari ikawa jiko. Wakesho amelala kwenye kochi na sare ya kazi, viatu miguuni. Mezani anakula mtoto wa miaka mitano, Mghoi, mjukuu wangu mwenye jina langu, ambaye sijawahi kumshika.

"Wewe ni Nyanya wa kwenye simu," anasema. "Mbona umelowa?"

"Nilikuwa namsindikiza mama yako. Nimechelewa kidogo."

Ananisogezea kiti. Sikai. Ninamvua Wakesho viatu, kimoja kimoja, asiamke. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini Kilomita akakohoa mlangoni.

Nikaamka. Chini ya kitanda kandambili ilikuwa moja tu, imelowa. Simu iliwaka: ujumbe wa sauti, kutoka namba ya Wakesho. Ilikuwa sauti ya mtoto, akinong'ona.

"Nyanya, umesahau kandambili chini ya kochi. Mama bado amelala. Njoo tena, sawa? Na usiondoke kimya. Nitakusindikiza mpaka kwenye lifti."