Baiskeli ya Mama Nsimire

Tezo ilikuwa imekwisha kula upande mmoja wa gurudumu la mbele, na Sikuli alikuwa akiligeuza gogo juu ya goti ili aanze upande wa pili, Mama Nsimire alipoingia uani. Alikuwa ameshika baiskeli kwa gidoni, ule usukani wake, akiivuta kama mtu anayepeleka kondoo asiyetaka kwenda.

"Sitwayen Sikuli, acha huo muti, tazama kitu," akasema, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza.

Sikuli hakuacha mara moja. Alichonga mpaka mahali ambapo mti ungeweza kumngoja bila kupasuka, ndipo akaweka tezo chini na kuinua macho. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, ile yenye gidoni iliyopinda chini kama pembe za dume na magurudumu membamba kama vidole. Ilikuwa imezeeka. Rangi yake ya bluu ilibaki kwenye viungo tu, na kiti kilikuwa kimekaukiwa na mavi ya kuku.

"Ni ya yule Mupima-udongo," Mama Nsimire akasema.

Mzungu mmoja wa kupima ardhi alikuwa amepanga kwake miaka mingi. Wakati maduka ya wageni yalipopewa wenye nchi, naye alifunga mizigo, akaiacha baiskeli imeegemea ukuta wa jiko. Tangu hapo walioipanda ni kuku.

"Mimi nina viazi na kabichi za kushusha kutoka Kibati kila soko," mama akaendelea, akikipiga kofi kiti cha baiskeli. "Kinga hii haibebi hata fungu la majani ya sombe. Nipe hiyo chukudu unayochonga, nikupe kinga. Kitu kwa kitu."

"Chukudu hii si ya kuuza, mama."

"Nani asiyejua? Mutaa muzima unajua. Fundi wa chukudu asiye na chukudu! Ndiyo maana sikuleta makuta ya kununulia, nimeleta kinga."

Mganga hajigangi. Nusu ya wabebaji wa Goma walishuka mlimani juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zilizotoka mikononi mwa Sikuli, lakini yeye mwenyewe hakuwa nayo, kwa sababu kila aliyokusudia iwe yake ilipata mnunuzi kabla mti haujakauka. Hii alikuwa ameiapia. Alimwapia mkewe Kanyere siku alipopanda lori kwenda Kiwanja kumuuguza mama yake, mtoto wao akiwa mgongoni hajajua hata kukaa. Kanyere atakaporudi, walikubaliana, atanunua maharage mlimani Kibumba, na Sikuli atayateremsha mjini kwa chukudu yao wenyewe. Walidhani mama mkwe angeinuka baada ya mvua. Mvua zikapita, hakuinuka. Zikaja nyingine.

Na Kiwanja si hapo jirani. Mafuta yalikuwa haba, malori machache, na mwenye lori alipakia maharage kwanza, watu baadaye kama nafasi ilibaki. Sikuli alikuwa amekwenda, akakwama huko akingoja njia ya kurudi, akakuta wateja wake wamehamia kwa fundi mwingine. Tangu hapo salamu zilipita kwa Mama Apolline, mchuuzi wa ndizi na maharage aliyejuana na madereva wote. Safari ya mwisho alileta neno moja tu, akalisema huku akicheka: "Mutoto wako anatembea! Anashika ukuta, anauachia, anacheka."

Siku zilizofuata Sikuli alichonga huku akiuona ukuta asioujua, na mkono mdogo unaouachia.

Kwa hiyo sasa alipoitazama baiskeli hakuona kutu. Aliona Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, yeye akipinda mgongo juu ya zile pembe, na jua halijazama bado anaingia Kiwanja. Aliona Jumapili nzima. Aliona Jumatatu akiwa tena kwenye tezo yake, kama vile hakuondoka.

"Niache niionje," akasema.

"Onja. Lakini kabla ya soko unipe neno. Kuna mwalimu wa Katindo anaiulizia."

Alipobaki peke yake aliipindua miguu juu na kuikagua polepole, kama alivyokagua mti kabla ya kuununua. Alizungusha gurudumu akiweka sikio karibu na ekseli. Alivuta cheni, ikainuka kuliko inavyotakiwa. Alipitisha ukucha kwenye mipira, akahisi nyuzi chini ya ngozi nyembamba. Freni zilikuwa za mkono, vyuma viwili vilivyojikunja chini ya pembe, na mpira wake umekwisha. Akakata vipande vipya kutoka tairi kuukuu la lori, akavifunga. Hapo mikono yake ilikwisha kumwambia jambo, lakini aliifuta kwa tambara na kuendelea.

Damien, mbebaji mmoja jirani, akapita, chukudu tupu begani. Hilo lilikuwa jina lake la ubatizo, nalo siku zile, serikali ikiwa imekataza majina ya kizungu, lilitajwa uani tu. Kwenye kitambulisho alikuwa na jina la babu yake.

"Ee, yaya, kaka yangu! Umenunua mbuzi ama kinga?"

"Sijanunua."

"Na hivi vidole ndivyo vitakupeleka Kiwanja? Njia ile inakula tairi za lori."

"Muzungu alikuwa anaenda nayo."

"Alikuwa anaenda nayo wapi? Kwenye lami ya ziwani, asubuhi, na kaputula yake, anarudi kunywa chai! Yaya, hii ni kinga ya mutu asiye na muzigo."

Sikuli akatabasamu, akaendelea kuifuta pembe. Damien alikuwa ameisema kwa mzaha, lakini alikuwa ameitaja ile hamu yenyewe.

Asubuhi ilikuwa na ukungu alipoiteremsha hadi barabara ya ziwani. Akapanda. Mwanzoni iliyumba, ikataka kumtupa, kisha ikamkubali. Ilikwenda kama mtu aliyewekewa kiganja mgongoni na kusukumwa taratibu. Haikulia kama chukudu, haikutikisa mifupa. Upepo ulimwingia kwenye shati. Sikuli, ambaye maisha yake yote alitengeneza vitu vizito kwa ajili ya vitu vizito, alijikuta akicheka peke yake kama mtoto aliyeachia ukuta. Alikwenda mpaka lami ilipoisha, akarudi, akaenda tena. Kisha, badala ya kugeuka nyumbani, akashika njia ya Kibati.

Huko hali ikawa nyingine. Barabara ilipita juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima wa moto, watengeneza-barabara wameyavunja na kuyasawazisha, lakini jiwe la moto ukilivunja linazidi kuwa kali. Alipanda akichagua kila kokoto, mahali pengine akashuka na kusukuma. Alipofika Kibati shati lilikuwa limelowa. Alisimama kando ya vibanda vya makaa akaitazama njia inayoendelea mbele: Kibumba, halafu uwanda wa Rutshuru, halafu wao. Akasimama kama mtu aliye nje ya nyumba usiku wa mvua, anasikia watu wake ndani wakila. Mguu mmoja ulikuwa juu ya pedali. Angeweza kuendelea. Hakuwa na maji, hakuwa amemwambia mtu, na mpira wa mbele ulikuwa umeanza kulainika. Muda mrefu ulipita kabla hajageuza pembe kuelekea mjini.

Wakati huo wabebaji walikuwa wakianza kushuka, goti moja juu ya ubao, magunia ya makaa na viazi mbele yao.

"Fundi, pisha njia! Pisha!" Damien akapita kwa mlio wa radi.

Sikuli akaachia. Mteremko huo aliujua. Kila chukudu aliyounda aliijaribu mwenyewe hapo kabla ya kumkabidhi mnunuzi. Alimpita Damien, akampita na mwingine, masikio yake yakajaa upepo, na kwa kitambo hakukuwa na Goma wala Kibati, kulikuwa na mwendo tu, na mwisho wa mwendo huo Kanyere anainua mkono kando ya barabara.

Kwenye kona walisimama mbuzi.

Mtu hafikiri mahali kama hapo. Mwili ndio unaofikiri. Chukudu husimamishwa kwa mguu: nyuma kuna kipande cha mpira juu ya gurudumu, unakikanyaga kwa kisigino. Mguu wa kulia wa Sikuli ukaacha pedali, ukarudi nyuma wenyewe, ukakanyaga kwa nguvu zote. Ulikanyaga hewa. Mikono haikukumbuka hata kidogo vile vyuma ilivyovifungia mpira jana yake. Mbuzi wakatawanyika, baiskeli ikapiga lundo la mawe, na Sikuli akaruka juu ya pembe na kuangukia katika shamba la maharage.

Damien alisimama kwa kisigino, vizuri, bila haraka. Alipoona mwenzake anaketi na kujigusa viungo, akacheka mpaka akaegemea gunia.

"Umekanyaga freni ya chukudu! Kwenye kinga!"

"Mguu umezoea," Sikuli akasema, akitema udongo.

"Basi muguu wako ndio fundi, wewe ni mubebaji wake tu. Simama, yaya. Umevunjika?"

"Sijavunjika. Hiyo je?"

Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja kama jani la muhogo lililokauka. Wakaipandisha baiskeli juu ya magunia ya Damien, wakaifunga kwa kamba. Njia nzima mpaka mjini watu walisimama milangoni.

"Tazameni! Leo kinga imepata lifti!"

"Inaumwa, inapelekwa hopitali!"

Sikuli alifuata nyuma kwa miguu, goti linachuruzika damu. Mwanzoni alicheka pamoja nao. Baadaye akaacha. Gurudumu halikumsumbua, kilichopinda hunyooshwa. Alikuwa akifikiria mipira. Kabla hawajaifunga baiskeli juu ya magunia alikuwa ameitazama hiyo mipira: ilikuwa imechanika mahali pengi, na ilikuwa imefika Kibati tu, mahali ambapo njia ya Kiwanja inaanza. Asingefika Kibumba bila kuibeba baiskeli begani. Haya aliyajua tangu uani, ukucha wake ulipogusa zile nyuzi. Hakuna aliyemdanganya. Aliiambia mikono yake inyamaze, ili aendelee kuiona ile Jumapili.

Mama Nsimire alikuwa akimenya viazi.

"Umeniulia kondoo."

"Nitainyoosha, mama. Halafu mupe mwalimu. Yeye anakaa kwenye lami, watapatana."

"Na wewe?"

"Mimi hapana." Akapitisha kiganja juu ya kiti chake. "Ni nzuri," akasema mwishowe. "Ni nzuri sana, mama."

Mama Nsimire akamtazama goti, akamtazama uso, akaacha mzaha aliokuwa ameutayarisha.

"Na chukudu yangu?"

"Nitakuchongea, ikiisha hii."

"Hii, hii! Haya. Iishe basi."

Jioni, Sikuli akiwa uani, baiskeli imepinduliwa miguu juu mbele yake na gurudumu lililopinda likiwa mahali pake, Mama Apolline akachungulia langoni. Alikuwa amepata lori, linaondoka alfajiri.

"Nimesikia umejifunza kuruka," akasema. "Kanyere nimwambie nini? Kwamba unakuja Jumapili na kinga?"

"Hapana. Usimwambie Jumapili."

"Sasa nimwambie siku gani? Kila nikienda anauliza siku."

Sikuli alikaza njiti moja, akalegeza ya pili yake. Siku hakuwa nayo, na hakutaka kumpa mkewe siku ya uongo akakae nayo kando ya barabara.

"Mwambie gurudumu la mbele nimelifikisha nusu."

"Papa, hiyo si salamu! Hiyo ni habari ya fundi."

"Mwambie hivyo hivyo. Amekaa nami uani, anajua. Likiisha hilo kuna la nyuma, kuna ubao, kuna shingo, kuna kukausha. Atahesabu mwenyewe. Ikiisha nitakwenda nayo. Nitasukuma mpaka Kibumba, kutoka pale kunashuka. Kama mama atakuwa ameinuka, nitarudi nao. Kama hajainuka, nitakaa kidogo, nirudi peke yangu na maharage."

Mama Apolline akayapanga kichwani asiyapoteze njiani.

"Gurudumu la mbele, nusu," akasema.

"Nusu. Na mutoto..." Akasita. "Hapana. Basi."

Mama Apolline alipoondoka, Sikuli akarudia njiti. Kazi hiyo ni ya subira: unakaza upande huu, unalegeza ule, unazungusha, unatazama mahali gurudumu linapogusa freni. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kunyooka. Palibaki mahali pamoja ambapo kila mzunguko ulilia *tss*, tena *tss*. Giza likawa limeingia uani, na ule mwanya mdogo kati ya mpira na chuma haukuonekana tena. Akalifungua, akalishika hewani kwa ekseli, akalizungusha hata hivyo, akaliacha liende lenyewe. Lilizunguka muda mrefu, jepesi, bila kitu juu yake. Alingoja mpaka likasimama.

Kisha akalitundika ukutani. Hapo palipogusa ndipo angeanzia kesho, kukipambazuka.