Seremala, Mkewe na Virusi

Seremala alipougua mafua, mtaa mzima ulipata habari. Alijikunja chini ya blanketi mbili, kifua kikikwaruza kama msumeno butu, akamtaka mkewe awaite ndugu zake wote, ili yeye awasamehe kabla hajakata roho.

"Uwasamehe nini, na wewe ndiye uliyewakosea?" Mkewe alikohoa kidogo, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda zake saluni kwake kusuka wateja.

Kesho yake homa ilizidi, mke akamkokota hadi zahanati. Daktari, mama mmoja mchangamfu, akawachukua wote wawili kipimo cha puani.

"Virusi vyangu vitakuharibia mashine," seremala alimwonya.

Majibu yakatoka. "Baba, virusi unavyo, lakini vichache. Aliyejaa ni mama."

Seremala akaketi wima. "Vichache? Rudia, daktari! Huyu asubuhi kafua, kapiga deki, na wimbo kaimba!"

"Na wewe unaumwa kweli, sikatai. Wingi wa virusi na ukali wa ugonjwa haviendi pamoja kila mara. Mwili wako unapambana navyo kwa fujo, ndiyo maana uko hoi. Mwenzako vimemjaa na anadunda. Sasa anayedunda ndiye anayewagawia watu."

Seremala alianza kutabasamu, lakini mkewe alikuwa ameshika mdomo.

"Jana nimemsuka mama yako," alisema. "Nimemwinamia mchana kutwa."

Seremala akapiga simu. "Mama, unaendeleaje?"

"Vibaya!"

Seremala akasimama. "Kifua?"

"Kifua kina nini? Kichwa! Mkeo kanibana nywele hadi nyusi zimepanda. Hata kupepesa siwezi!"

Daktari aliangalia ukutani, mabega yakimcheza. Kisha akawapa barakoa, akaagiza wote watulie nyumbani, na mama mkwe aangaliwe. Msusi akawapigia wateja wake mmoja mmoja, akiwaomba radhi.

Nyumbani mke alipanda kitandani jua likiwaka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Seremala, akijishika ukuta, akamletea chai.

"Kumbe hukuwa unadeka," mke alimwambia.

Mume akafikiri. "Nilikuwa nadeka kidogo."

"Basi sogea na mimi nideke. Na hii chai haina sukari."