Njegere Zilizosimama Bila Matete

Mwaka huu matete yalikosekana. Kwa miaka mingi Laurentine alikuwa akienda kuyakata mwenyewe kwenye maji ya upande wa Karavia, mwezi wa nne mvua zinapokwisha, na kuyabeba kichwani hadi nyumbani. Safari hii alikuta ukuta mpya, na mlinzi akamwambia kwa heshima kwamba matete nayo sasa yana mwenyewe. Akarudi mikono mitupu. Njegere zake zilikuwa zimekwisha kuota.

Hizi hazikuwa njegere fupi za dukani, zinazofika magotini na kuzaa mara moja. Zilikuwa za zamani, zenye maua ya zambarau, ndefu kumpita mwanamume. Wakati wote wa kipwa, majira yasiyo na mvua, baridi ya asubuhi inapouma vidole, ziliendelea kuzaa. Mbegu yake haiuzwi popote. Laurentine aliitunza ndani ya chupa iliyozibwa kwa nta, na kila mwaka alifunga uzi mwekundu kwenye maganda ya kwanza, yale ya chini kabisa, ili mtu asiyachume. Hayo ndiyo ya mbegu.

Anayelima njegere anajua kwamba haziwezi kusimama peke yake. Zina vikono vyembamba, na vikono hivyo havishiki hewa. Vikikosa fito, mmea hulala chini ukaoza. Laurentine alimwambia mume wake kwamba mbegu ingepotea. Papa Numbi, mstaafu na mzee wa kanisa, alisema angetafuta vyuma vya zamani nyuma ya nyumba, kisha akasahau.

Baada ya wiki tisa njegere zilikuwa zimesimama.

Mwanzo wa mstari zilipanda hadi kimo cha mwanamume mrefu, bega la kushoto likiwa chini kidogo. Vikono vilizunguka kitu kisichoonekana, vikatengeneza shingo na viwiko. Pembeni yake palikuwa na kimo cha mwanamke, na mgongoni mwake majani yalifanya mviringo mdogo, kama mtoto aliyefungwa kwa kitenge. Halafu pengo. Baada ya pengo, mtoto wa miaka saba hivi, na mwingine wa miaka minne. Katika pengo hakukuota kitu. Laurentine alikuwa amepanda hapo mara tatu, na kila alipofukua alikuta mbegu nzima, kavu, kama zilivyotoka chupani.

Aliangalia akiwa ameshika bidoni ya maji. Kisha akamwagilia. Alianza na mdogo, kama watoto wanavyopewa maji kwanza.

Papa Numbi alikuja akasimama nyuma yake. Akavua kofia.

"Beko batano," alisema.

"Na pengo," alisema Laurentine.

Papa Numbi aliingia ndani akawasha redio.

Jirani yao Chomba alipita siku ya pili kuomba njegere za mboga. Aliusalimia mstari wote kwa mkono, kuanzia mkubwa, halafu akamgeukia Laurentine akicheka. "Mama Tracy, bageni bako haubape ata kiti? Banasimama sawa bantu benye kungojea train."

Laurentine alimjazia kikapu na kumsindikiza hadi barabarani.

Miaka zaidi ya thelathini iliyopita, watu wa Kasai waliohamia huku walipofukuzwa na kuambiwa warudi kwao, Numbi alikuwa kijana wa Kambove mwenye kazi, mwenye mke, asiye na nyumba. Asubuhi moja alionyeshwa nyumba iliyoachwa wazi. Aliingia yeye, kisha Laurentine. Sufuria ya bukari, ugali wa huku, ilikuwa bado na joto. Nyuma ya nyumba njegere zilisimama kwenye fito zao, na maganda ya chini yalikuwa yamefungwa uzi mwekundu. Laurentine hakujua uzi ule ulikuwa wa nini, ila alielewa kwamba aliyeufunga alikusudia kurudi. Aliufungua polepole, akajifunza kifundo chake kwa kukifungua, akazikausha mbegu. Baadaye walibadilishana nyumba ile na hii ya Lubumbashi. Chupa ilikuja nao. Kila mwaka alitia fito mapema, na njegere zilishika fito.

Mwezi wa saba kanisa lilitoa malimbuko. Papa Numbi alibeba kikapu cha njegere mbele ya madhabahu, akaomba kwa sauti yake nzuri, na watu wakaitikia. Kati ya maganda ya juu kikapuni moja lilikuwa na uzi mwekundu. Laurentine hakukumbuka kulichuma. Mwanamke mgeni aliyekaa benchi la tatu aliliona. Baada ya ibada aliuliza kikapu kilikuwa cha nani, na alijibiwa.

Alifika kesho yake saa tisa mchana, amevaa viatu vya kanisani. Aliitwa Régine. Alisalimia "Moyo wenu," kama watu wa Kasai wanavyosalimia, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na lile ganda.

"Hii kifundo iko ya mama yangu," alisema.

Laurentine alimkaribisha kiti. Régine alishukuru lakini hakukaa, kwa kuwa kutoka mlangoni alikwisha kuuona mstari. Alitembea kando yake taratibu, akitaja majina kama mwalimu anayeita darasa. Papa Mardochée, ambaye bega lake la kushoto lilivunjika kazini. Mama, na Kiki mgongoni. Aaron. Dieumerci. Alieleza kwamba walikaa kwenye gare ya Likasi wiki saba wakingojea treni. Kuhara kulianza na mdogo, kukapanda hadi kwa mkubwa. Yeye alikuwa na miaka tisa. Treni ilipokuja alipanda peke yake.

Aliyasema haya bila kulia, akiondoa jani kavu hapa na pale.

Kisha aliingia katika pengo. Aliinama kidogo, akapata kimo cha mtoto wa miaka tisa. Vikono vya upande wa mama vilimfikia begani, na vya upande wa Aaron vilimshika kidole kimoja. Alikaa hivyo muda wa kusema Baba Yetu mara mbili. Laurentine alisimama na bidoni yake. Papa Numbi alikuwa kwenye dirisha. Mwishowe Régine aliondoa vikono kimoja kimoja, bila kukata hata kimoja, akaingia ndani akakaa.

Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa imeandikwa kwa mashine tangu zamani, ikingoja shahidi. Ilisema kwamba nyumba fulani ya Kambove ilikuwa ya baba yake hadi siku walipofukuzwa, na kwamba aliyetia sahihi aliikuta na vyombo vyao ndani. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi mmoja.

"Papa, miye sikukuya kubafukuza," alisema. "Muandike tu. Ku ofisi banasema jina ya papa yangu haiko ata fasi moja. Sawa hakukuwaka muntu."

Papa Numbi aliisoma karatasi mara mbili. Kila mtu mezani alijua ilichobeba. Akiweka sahihi, ingeonekana alivyoingia Kambove, na nyumba waliyoikalia sasa ilitokana na ile. Na Jumapili angesimamaje mbele ya watu na kikapu? Alivua miwani.

"Mwanangu, hii mambo iko ya zamani," alisema. "Tutaitia mu maombi."

"Mungu anajua, papa. Ni ofisi njo haijue."

Papa Numbi alikunja miwani. Régine akamgeukia Laurentine.

"Na weye, mama? Hii uzi, uliikuta wapi?"

Laurentine alichukua kalamu. Ilikuwa ya bluu, imetafunwa mwishoni, ile ile anayoandikia tarehe kwenye chupa ya mbegu. Aliiweka juu ya nafasi ya shahidi, na wino ulifanya nukta moja.

"Mama Tracy," alisema Papa Numbi. Hakupandisha sauti.

Laurentine aliiweka kalamu mezani. Alisema kwamba mgeni haendi mikono mitupu, akatoka kwenda bustanini. Alichuma njegere mfuko mzima. Kisha alikata maganda matatu yenye uzi mwekundu, akayafunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, na akarudi kichwa wazi. Régine alipokea mfuko kwa mikono miwili. Kitambaa alikirudisha.

"Nitapanda wapi, mama? Miye niko mupangaji."

Aliondoka kabla jua halijashuka. Karatasi aliiacha. Papa Numbi aliikunja mara mbili akaitia ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, nayo iko hapo hadi leo. Anaposoma huisogeza, na akimaliza huirudisha.

Jumamosi iliyofuata alivikumbuka vile vyuma. Alivipigilia mwenyewe, kimoja pembeni ya kila kimo, akapumzika mara nyingi kwa sababu ya mgongo. Vikono vilichukua siku tatu kuhama. Viliachia shingo, vikaachia viwiko, vikashika chuma, kwa maana chuma kilikuwapo na njegere haina ubishi. Ukiwa barabarani uliona bustani kama zote. Chomba aliuliza wageni wamekwenda wapi.

"Banaikala," alijibu Papa Numbi, yaani wameketi, na Chomba akacheka sana.

Jioni Laurentine anapomwagilia, maji yanazunguka mahali panane yasipoingia, pakubwa pawili, pa kati pawili, na padogo pane, kila mahali kama unyayo mmoja. Udongo hapo unabaki mkavu na umekanyagwa. Akipita mbele yao husema samahani.

Kisha huingia ndani na kupakua. Papa Numbi huinamisha kichwa, humshukuru Bwana kwa chakula na kwa nyumba aliyowapa, na Laurentine huitikia amina. Njegere ni tamu mwaka huu. Maganda ya chini yameanza kukauka kwenye nyuzi zake. Mwezi wa nne atazipanda tena, mstari ule ule, na atapima pengo kwa hatua zake ili asikosee.